Uzoefu Wangu na Ngazi ya Alumini ya Vipande Viwili katika Kazi ya Kusafisha Madirisha

Kazi yangu ni kusafisha madirisha ya nyumba na ofisi ndogo jijini Dar es Salaam, nyingi zikiwa majengo ya ghorofa moja katika maeneo ya Mikocheni, Msasani na Mbezi Beach. Ngazi ninayoieleza hapa ni ya alumini, ya kuegemeza, yenye vipande viwili vinavyotelezeshwa na kushikana kwa kulabu, na ikirefushwa yote hukaribia mita sita. Nimeitumia kwenye jua kali na kwenye masika, juu ya vigae, pevingi na mchanga. Kwa kazi hii ya madirisha, sijaona iliyo bora kuliko hii kwa bei ambayo mtu mwenye biashara ndogo anaweza kuimudu.

Wanunuzi wengi wakifika dukani huuliza urefu, kisha hugonga bomba kwa vidole kupima unene. Hayo yana maana yake, lakini mimi huanza kwenye ncha mbili: mahali ngazi inapokanyaga na mahali inapoegemea. Ngazi nyingi zinazoangusha watu huwa hazijavunjika. Huteleza chini, au hupinduka kwa upande juu, zikiwa bado nzima kabisa.

Kabla ya ncha hizo, tazama lebo. Niliyochagua ina alama ya kiwango cha Ulaya cha EN 131, ambacho kilifanyiwa mabadiliko makubwa mwaka 2018. Tangu hapo ngazi zimegawanywa katika madaraja mawili, ya matumizi ya kikazi na ya matumizi ya nyumbani, na zote mbili hubeba hadi kilo 150. Usidhani kwamba kwa sababu uzito ni sawa basi ngazi ni sawa, kwa kuwa katika jaribio la uimara la ngazi za kukunja, zile zinazosimama zenyewe, ya kikazi hupakiwa na kupakuliwa mara 50,000 na ya nyumbani mara 10,000. Anayepanda ngazi kila siku anahitaji ile ya kwanza. Kumbuka pia kwamba kilo hizo ni pamoja na mwili wako, viatu, ndoo na kila kilicho mfukoni. Ngazi za Marekani hutumia madaraja mengine, na yenye alama ya Type IA hubeba paundi 300, yaani kama kilo 136. Katika maduka ya Kariakoo nimekutana na ngazi zinazong'aa zisizo na lebo yoyote, kwa bei isiyofika nusu ya hii. Sikuzinunua, kwa sababu hakuna anayeweza kunieleza zilipimwa kwa uzito gani.

Sasa miguu. Kiwango hicho cha mwaka 2018 kinataka ngazi ya kuegemeza yenye urefu wa mita tatu au zaidi iwe na kitako kilichopanuliwa, na kwenye ngazi hii kitako hicho ni bomba la mlalo lililofungwa chini, pana kuliko ngazi yenyewe. Faida yake huonekana pale unaponyoosha mkono kufikia kona ya dirisha, kwa kuwa ngazi nyembamba huanza kunyanyua mguu mmoja, lakini hii hutulia. Hata hivyo, kitako kipana si ruhusa ya kujinyoosha, na kanuni niliyowapa vijana ninaofanya nao kazi ni kwamba kitovu kisivuke nguzo ya pembeni ya ngazi. Kikitaka kuvuka, shuka uihamishe. Chini ya bomba kuna soli za mpira zenye mifereji. Juu ya pevingi kavu hushika vizuri sana. Juu ya vigae vya baraza vilivyolowa maji ya sabuni hakuna soli ya kuaminiwa, kwa hiyo tunakausha sakafu kwanza, na ngazi huhamishwa kabla maji ya dirisha linalofuata hayajaanza kutiririka. Kwenye mchanga wa Mbezi Beach mguu mmoja huzama zaidi ya mwingine, na hapo tunaweka ubao mpana ulio sawa chini ya miguu yote miwili.

Pembe ya kuegemeza ni jambo ambalo watengenezaji wa ngazi hii wamelirahisisha vyema, kwa kubandika ubavuni mchoro wenye umbo la herufi L. Mistari yake ikiwa wima na mlalo, pembe ni sahihi, yaani takriban nyuzi 75. Bila mchoro, tumia kipimo cha moja kwa nne: kama ngazi inagusa ukuta kwa urefu wa mita nne, miguu ikae mita moja kutoka ukutani. Mlangoni, au pale gari linapoweza kurudi nyuma, pembe nzuri haitoshi, na huwa tunafunga njia na kumwacha mtu chini akilinda. Mtu huyo si mbadala wa ngazi iliyosimama vizuri, kwa sababu ngazi ndefu ikishaanza kuteleza na mtu yuko juu, mikono ya aliye chini haiwezi kuizuia.

Jambo kubwa zaidi kwa kazi yetu liko juu. Fundi wa rangi anaweza kuegemeza ngazi kwenye ukuta anaoupaka, lakini msafisha madirisha anafanya kazi mahali penye kioo, na kioo hakipaswi kubeba ngazi kamwe, wala fremu ya dirisha la slaidi, ambayo ni alumini nyembamba inayopinda na kuacha dirisha likikwama. Mfereji wa maji wa plastiki ulio ukingoni mwa paa nao hauegemewi, kwa kuwa hunyumbuka na kuiacha ngazi iteleze pembeni. Kwa hiyo nilinunua kiegemeo cha juu, kifaa kipana chenye mikono miwili iliyofunikwa mpira, kinachofungwa kwenye vidato vya juu na kuisukuma ngazi mbali na ukuta. Mikono hiyo hukaa ukutani pande mbili za dirisha, na mimi husimama katikati nikikitazama kioo uso kwa uso, bila kupinda mgongo. Kifaa hicho huuzwa peke yake, jambo ambalo naliona kuwa upungufu wa kweli, kwani mnunuzi asiyejua huondoka dukani na nusu ya anachokihitaji. Ukiwa na fedha za kununua kimoja tu kati ya ngazi ndefu zaidi na kiegemeo, nunua kiegemeo.

Nyumba nyingi za hapa zina nondo za madirisha, nazo hutusaidia sana, maana baada ya kupanda kwa uangalifu mara ya kwanza tunaifunga nguzo ya ngazi kwa kamba kwenye nondo iliyopachikwa imara ukutani. Sipandi vidato vitatu vya juu, kwa sababu huko hakuna pa kushika. Vidato vya ngazi hii vina mikwaruzo ya kuzuia utelezi na uso wa juu ulio bapa kidogo, kitu ambacho unyayo hukishukuru baada ya dakika kadhaa, tofauti na bomba la mviringo. Mwongozo wa mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza unashauri usikae juu ya ngazi ya kuegemeza kwa zaidi ya dakika 30 mfululizo wala usibebe zaidi ya kilo 10, na nimeufuata hata kama hapa hakuna anayenisimamia. Ndoo kubwa iliyojaa maji inavuka uzito huo. Tunapanda na ndoo ndogo iliyotundikwa kwenye ndoana, na vifaa vingine hukaa mkandani, ili mkono mmoja ubaki huru kushika.

Alumini hupitisha umeme. Mitaa yetu ina nyaya zinazokatiza juu ya kuta za uzio na kuingia nyumbani, kwa hiyo kabla ya kuinyanyua ngazi mtu mmoja hutazama juu na kusema kwa sauti alichokiona. Pale nyaya zilipo karibu, ngazi hii haitoki kwenye gari. Ngazi ya faibaglasi, ikiwa safi na kavu, hutoa kinga bora zaidi, ila ni nzito na ghali, na hata hiyo haifai kugusishwa waya.

Kuhusu udumu, ukaribu wa bahari umenifundisha kukagua maungio. Alumini yenyewe haishiki kutu kama chuma, lakini pale bolti ya chuma inapokutana nayo katika hewa ya chumvi, hutokea unga mweupe unaolegeza kiungo polepole. Sabuni kali na dawa za kuondoa madoa ya saruji nazo hula alumini. Kila jioni tunaisuuza kwa maji ya bomba na kuifuta.

Upungufu wake mwingine ni uzito: kuirefusha peke yako ni taabu, na haisafirishiki kwa bajaji, inahitaji kirikuu, yaani gari dogo la mizigo. Kamba ya kuvutia kipande cha juu ilianza kuchakaa mapema, nikaibadilisha na nyingine nene zaidi. Ngazi ya teleskopu, ambayo vipande vyake huingia kimoja ndani ya kingine, ingeondoa tatizo la usafiri, lakini mchanga ukiingia kwenye maungio yake, vifungio vinaweza visijifunge kikamilifu, na hilo ni hatari nisiyoweza kuikubali ufukweni.

Madirisha ya ghorofa ya pili na kuendelea siyapandii ngazi hii. Hayo tunayasafisha kutoka chini kwa fimbo ndefu yenye brashi na mpira wa maji, na pale fimbo isipofika, namwambia mteja atafute kampuni yenye jukwaa. Soli za mpira ndizo zinazoisha haraka kuliko sehemu nyingine yoyote, basi kabla ya kulipia ngazi muulize muuzaji kama anazo za akiba za muundo huohuo, na uchukue jozi moja siku hiyohiyo.