TAHADHARI: Kifurushi cha "fungate Mwanza na Saanane" kinacholipwa kwenye namba ya mtu

Wachumba, wanandoa na kamati za harusi mnaopanga siku mbili tatu za mapumziko Mwanza pamoja na kuvuka kwenda kisiwani, someni hili kabla hamjatuma hata shilingi. Wapo vishoka, yaani matapeli, wanaouza kifurushi cha aina moja: kulala siku mbili kwenye hoteli inayotazama Ziwa Victoria pale Capri Point, Mwanza, chakula cha jioni cha wawili, boti yenu peke yenu wakati wa machweo, na siku nzima Kisiwa cha Saanane, "kila kitu ndani, nyinyi mje na mabegi tu". Bei wanayotaja haitoshi hata kulipia chumba peke yake. Tangazo hupita zaidi kwenye stetasi na magrupu ya WhatsApp kuelekea Siku ya Wapendanao, Pasaka na likizo ya Desemba. Jina la ukurasa hubadilika, picha na maneno hubaki yaleyale.

Kwanza wanaomba nusu ya fedha "kushikilia boti", maana eti nafasi zimebaki mbili. Ukishatuma unapewa hati yenye nembo nzuri, jina lako na tarehe. Siku mbili kabla ya safari inaingia simu: mafuta ya boti yamepanda, au kuna bima ya ziwani, au kibali cha kisiwa kimebadilika, ongeza kidogo. Kiasi hiki cha pili huwa kidogo kwa makusudi, kwa sababu mtu aliyekwisha kutoa laki mbili hataki zipotee kwa ajili ya elfu arobaini. Asubuhi ya safari namba haipatikani. Na hiyo ndiyo namna nyepesi ya kulizwa. Namna nzito ni pale simu inapopokelewa vizuri, mkaelekezwa mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, badala ya gatini, na mkapandishwa mtumbwi wa wavuvi. Hapo kilicho hatarini si fedha tena.

Shikeni jambo moja. Saanane ni Hifadhi ya Taifa tangu 2013 na inasimamiwa na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Si ufukwe wa mtu. Kiingilio chake hakitumwi kwenye simu ya mtu binafsi. Kinalipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, ile kontroo namba yenye tarakimu 12 inayoanza na 99. Inapatikana kwenye ofisi ya hifadhi palepale Capri Point, na boti za kuvukia zinaondokea hapo hapo. Ukiiingiza kwenye programu ya benki au kwa wakala wa benki, kabla ya kuthibitisha utaona jina la taasisi inayolipwa, maelezo ya bili na kiasi. Soma vyote vitatu. Namba yaweza kuwa halali kabisa na bado ikawa bili nyingine: leseni ya mtu, faini ya gari lake, au kiingilio cha mgeni mmoja ilhali nyinyi ni wawili. Mwenye biashara ya kweli atakutumia namba hiyo ulipe mwenyewe, au atakuonyesha stakabadhi ya malipo kabla ya siku ya kuvuka. Anayesema "kiingilio tutamalizana getini, pale nina watu wangu" amekwisha kukuambia kwamba hajalipa.

Bebeni vitambulisho vya NIDA. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa kwa shilingi, na kiasi hicho ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje anayetozwa kwa dola. Kishoka hupenda sana wanandoa ambao mmoja wao ni raia wa kigeni, kwa kuwa anawatoza wote wawili bei ya dola na kuweka tofauti mfukoni.

Tangazo lenyewe pia hujisaliti kwa asiye na haraka. Hifadhi nzima ya Saanane, pamoja na maji yake, ina kilomita za mraba 2.18. Mnatembea kwa miguu kati ya miamba mnawaona swala, pundamilia na pimbi. Anayewaahidi kuzunguka na gari kutazama tembo Saanane hajawahi kufika. Kuvuka kutoka Capri Point ni dakika chache tu, hivyo "safari ya boti ya saa nzima kuelekea Saanane" ama ni uongo ama inaelekea kisiwa kingine.

Picha nazo. Ziwa halina kupwa na kujaa, kwa hiyo mchanga mweupe uliobaki mtupu mita mia kadhaa maji yakiwa yameondoka umepigwa baharini. Ngalawa yenye mbao za kuisawazisha pande zote mbili ni ya Pwani na Zanzibar. Miamba mikubwa ya mviringo ni yetu kweli, ila ikiwa imezungukwa na maji ya buluu angavu na minazi iliyoinama, hiyo ni Shelisheli. Maji ya ghuba ya Mwanza yana ukijani au ukijivu, na kuna siku magugu maji yanajaa mpaka ukingoni. Ni pazuri kwa uzuri wake wenyewe, na muuzaji anayepaonea aibu hadi aazime picha za kwingine hana alichokikagua huku. Tafuteni picha hiyo kwa kuipakia kwenye utafutaji wa picha wa Google. Mara nyingi mtakuta ilikotoka.

Sasa kuhusu visiwa vingine wanavyovichomeka ili kifurushi kionekane kinono. "Saanane na Rubondo kwa siku moja" haiwezekani kwa mapumziko ya starehe. Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, iko kusini magharibi mwa ziwa. Kutoka Mwanza kwa barabara mnapita Geita ndipo mtafute boti upande wa Nkome au Kasenda, na huko mnalala. Sokwe na tembo mnaosikia habari zao wako huko. Kama kwenye hesabu ya safari hiyo mmeandikiwa nauli ya kivuko cha Kigongo–Busisi, ulizeni ni ya nini, kwani daraja lilifunguliwa Juni 2025 na magari yanapita juu.

Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika ziwa hili, na wawili wenye siku tatu watakifurahia kuliko boti ya haraka haraka. Zipo njia mbili: meli kutoka Mwanza hadi Nansio, ambayo huchukua saa kadhaa kutegemea chombo na hali ya ziwa, au barabara kupitia Bunda hadi Kisorya na kuvuka kwa kivuko hadi Rugezi. Tiketi ya meli inakatwa bandarini kwenye dirisha, siku hiyo au kabla, na ratiba ya wiki hiyo inaulizwa hapo hapo. Hakuna sababu ya kumpa mtu wa WhatsApp fedha "akukatie mapema".

Tunarudi kwenye mtumbwi. Kishoka asiyelipa kiingilio hawezi kuwashusha kwenye gati la hifadhi, kwa hiyo huwapakia mahali pengine, mara nyingi mwaloni au ufukwe usio na gati, kwenye chombo cha kuvulia. Chombo hicho kimetengenezwa kubeba nyavu na samaki. Hakijakaguliwa kwa abiria. Kabla ya kukanyaga chombo chochote, ombeni kuona cheti cha TASAC, shirika la Serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na idadi ya watu ambayo chombo kinaruhusiwa kubeba, kisha hesabuni vichwa mkimjumuisha nahodha na msaidizi wake. Vaeni jaketi la kuokolea mkiwa bado nchi kavu. Fungeni kamba zote, kisha mmoja amshike mwenzake mabegani mwa jaketi na kulivuta juu. Likipanda hadi puani halimfai, litamtoka majini. Jaketi la mtoto halimfai mtu mzima hata kama "linatosha kidogo". Angalieni kama kuna makasia au injini ya pili, maana injini moja ikizima kwenye upepo mnasukumwa kwenye mawe. Mwulizeni nahodha mtarudi saa ngapi. Boti ya machweo inatakiwa iwe imegusa gati kabla giza halijaingia, na dhoruba kali za ziwa hili huja zaidi usiku na alfajiri. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimebeba watu kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 200 wakafa. Hakuna ofa inayostahili kumpandisha mtu kwenye chombo kilichojaa. Ukiona kimejaa, shuka, hata kama fedha imekwisha kulipwa.

Wapo pia wanaouza "ufukwe usio na kichocho". Hakuna muuzaji anayeweza kutoa hakikisho hilo. Konokono wanaobeba vimelea hukaa maji ya kina kifupi yenye majani, palepale wapendanao wanapopenda kuketi miguu ikiwa majini. Mnaotaka kuogelea tafuteni hoteli yenye bwawa.

Hoteli ihakikisheni hivi. Msipige namba iliyo kwenye tangazo wala kwenye hati; tafuteni namba ya mapokezi kwenye ukurasa wa hoteli yenyewe au kwenye Ramani za Google, mpige simu hiyo. Ulizeni: kuna chumba kwa jina langu tarehe hizi? Ni cha aina gani, kifungua kinywa kimo? Kimelipwa au kimeshikiliwa tu, na kinashikiliwa hadi lini? Swali la mwisho ndilo linalowaokoa wengi. Kishoka mwerevu huweka nafasi ya kweli isiyolipiwa, nanyi mkipiga simu mnaambiwa "ndiyo, jina lenu lipo", mnatulia, kumbe nafasi inafutwa kesho yake. Kwa nyumba ya kupanga ya siku chache, ombeni simu ya video: mwenye nyumba aanzie getini, apite mlangoni, afike barazani na aonyeshe ziwa bila kukata. Mwenye picha za kuiba atasema mtandao unasumbua.

Kwenye simu, ukiandika namba ya kutumia fedha, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Jina la kampuni kwenye tangazo na jina la mtu kwenye laini visipolingana, simama hapo. Majibu yao yanajulikana: ni laini ya mhasibu, ni ya dada wa ofisini, lipa namba ina hitilafu leo. Lipa namba, ile ya kulipia biashara kwa simu, nayo haitoshi peke yake, kwa sababu kuifungua si kazi ngumu. Cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kinaonyesha tu kwamba jina limesajiliwa. Cha kuombwa ni leseni ya biashara ya utalii, TALA, inayotolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii, na jina lake lilingane na lile la akaunti ya benki. Mkilipa, daini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ile alama ya QR iliyo chini yake ukiipiga kwa kamera inakupeleka kwenye uhakiki wa TRA, mamlaka ya mapato. Risiti ya kuchora haifiki popote.

Aliyekwisha kutuma fedha asipoteze muda kubishana na tapeli wala kumtisha, kwani hilo humfanya akimbilie kwa wakala kuzitoa. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako, 100, ukiwa na namba ya muamala, uombe fedha zizuiwe. Zikiwa bado hazijatolewa kuna matumaini, zikishatolewa ni vigumu sana. Halafu tuma neno UTAPELI kwenda 15040 na ufuate maelekezo ili namba ile iripotiwe. Hifadhi mazungumzo yote, sauti, hati na picha za skrini zinazoonyesha namba, kisha nenda polisi ufungue jalada na upewe RB, namba ya taarifa yako polisi. Benki au mtandao wa simu utahitaji hiyo RB kwa hatua zinazofuata.

Baada ya siku chache huenda ukapigiwa na mtu anayejitambulisha kama ofisa wa mtandao au wa polisi, anazijua tarehe na kiasi ulichotuma, na anasema fedha zimepatikana ila kuna ada ya kuzirejesha, au anataka umsomee tarakimu zilizoingia kwenye ujumbe. Anazijua kwa sababu ni walewale, au amepewa na walewale. Kata simu, na kama una wasiwasi piga 100 wewe mwenyewe.