SSD ya GB 500 kwenye kompyuta ya nyumbani: uzoefu wangu hapa Nyegezi

Kama kompyuta yako ya mezani bado inatumia diski ya zamani (hard disk), ile inayozunguka na kunguruma, nunua SSD, diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka ndani, kabla hujaanza kutafuta hela ya kompyuta nyingine. Mimi nimeifunga kwenye kompyuta ya mtumba iliyopo nyumbani kwetu Nyegezi, Mwanza. Watoto wanaifanyia kazi za shule, na mke wangu anatunza humo hesabu za dagaa anaochukua soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Naipa nyota tano, ingawa siku za mwanzo kila mtu aliyeiona aliniambia nimeuziwa mbovu.

Kabla ya hapo, kufungua jedwali la hesabu tu ilikuwa kazi. Ukitazama Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kinachotumika, diski imesimama asilimia 100 huku prosesa imetulia na RAM ina nafasi. Ukiona hivyo, usihangaike na kitu kingine, diski ndiyo inayochelewesha.

Dukani mjini, muuzaji alinitolea kwanza ya GB 480. "Kaka, chukua hii, utaokoa hela kidogo." Nikamwomba ya GB 500. Diski yangu ya zamani nayo ilikuwa ya GB 500, na nilikuwa nimepanga kuinakili yote kama ilivyo kwa Clonezilla, programu ya bure ambayo haikubali kirahisi kutoka diski kubwa kwenda ndogo, hata kama umetumia nusu tu ya nafasi. Zile GB 20 zinaweza kukulazimisha kupunguza kwanza partisheni, yaani zile sehemu diski ilivyogawanywa. Usishtuke pia Windows ikikuonyesha GB 465 badala ya 500. Hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024. Wa kuogopa ni yule anayekuuzia TB 2 kwa bei ya GB 256. Hizo zimechezewa ndani, zinaonyesha ukubwa usiokuwepo, na faili zinaharibika ukishapita ukubwa wake halisi.

Clonezilla nimeipenda sana, ila inataka utulivu. Unaiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kupitia flashi hiyo, kisha inakuuliza diski ipi inanakiliwa na ipi inapokea. Hapo haikwambii "ya zamani" na "mpya", inasema sda na sdb. Ukizigeuza, unaandika utupu juu ya kila ulichonacho. Soma jina la modeli na namba ya utambulisho (serial number) iliyoandikwa kwenye kibandiko cha kila diski, linganisha na skrini, ndipo ubonyeze. Umeme ukikatika katikati, diski ya zamani kwa kawaida haidhuriki kwa sababu inasomwa tu. Utaanza upya, basi. Lakini ukiwa na UPS, lile betri la kushikilia umeme ukikatika, itumie.

Ukimaliza, chomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza. Mbili hizo sasa zina utambulisho mmoja, na Windows ikizikuta pamoja inaweza kuizima moja. Yangu niliifunga kwenye mfuko nikaiweka kabatini bila kuifuta, maana hesabu za biashara hazichezewi.

Sasa tatizo lenyewe. Kompyuta iliwaka haraka kiasi cha watoto kushangilia. Halafu ikaanza kuganda: unaandika, kila kitu kinasimama, kisha kinaendelea. Kuna asubuhi iligoma kabisa ikadai haioni diski ya kuwashia. Fundi wa mtaani akaniambia niirudishe dukani, SSD imekufa.

Sikuirudisha. Nilifungua CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, nayo ni ya bure, nikaona mambo mawili. Afya ya SSD ilikuwa asilimia 100. Lakini mstari wa C7, unaohesabu data inayoharibika njiani kati ya diski na madabodi (ubao mkuu wa kompyuta), ulikuwa unapanda kila nikiangalia. Na sehemu ya mwendo wa SATA, njia inayounganisha diski na madabodi, ilisomeka SATA/300, wakati SSD hii na madabodi yangu zote zinaweza SATA/600. Diski ikifa haisemi hivyo. Hiyo ni lugha ya kebo.

Nikafungua boksi. Kebo ya data ilikuwa ya tangu kompyuta inanunuliwa, imekunjwa kwa nguvu chini ya DVD, na ile klipu ya kuibana haipo. Ukiigusa kwa kidole inacheza. Kwenye feni na kando ya matundu kulikuwa na vumbi lililogandamana na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku. Nilisafisha kwa brashi laini, umeme ukiwa umechomolewa, nikanunua kebo mpya yenye klipu ya chuma, nikaichomeka mpaka ikalia "tak". Nikaongeza na breketi, kwa sababu SSD ni ya inchi 2.5 na nafasi yake imetengenezwa kwa inchi 3.5. SSD haijali imelala au imesimama, lakini ikining'inia inavuta kebo.

Baada ya hapo mwendo ukasomeka SATA/600 na kuganda kukaisha. Namba ya C7 haikurudi sifuri, na haitarudi. Unachotazama ni kama imesimama. Yangu imesimama pale pale. Angalia pia kwamba programu hiyo huandika namba hizo kwa mfumo wa 16, hivyo "10" pale maana yake ni 16.

Kwa hiyo sina lawama kwa SSD wala kwa aliyeniuzia. Ningependa tu maduka yetu yawe yanauza SSD, kebo na breketi kwa pamoja, maana mteja akirudi na diski nzima kwa ajili ya kebo mbovu, wote wawili wanapoteza.

SSD haibadilishi umri wa kompyuta, hilo ulijue kabla ya kutoa hela. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama, ambayo mashine yangu haina. Hata hivyo, siku nikipata kompyuta mpya zaidi yenye tundu la SATA, nitaichomoa hii SSD na kuihamishia huko.