Fort Jesus na Mji wa Kale, Mombasa: mwombeni kiongozi azungumze Kiswahili

Mimi ni mtu wa Nakuru. Nafundisha Kiswahili shule ya msingi, mwaka wa tisa huu, na hadi Agosti iliyopita bahari nilikuwa nimeiona kwenye picha tu. Tulikuja na mume wangu kwa treni ya SGR, tukashuka Miritini usiku, kesho yake tukaenda Fort Jesus. Malazi sina mengi ya kusema: chumba safi, feni nzima, maji ya bafuni ya chumvi. Ninachotaka kuwaeleza ni habari za kiongozi wa watalii tuliyemchukua langoni.

Ni mtu mzima, mzaliwa wa Mji wa Kale. Tulipatana shilingi 2,000 kwa sisi wawili, ngome pamoja na mitaa, mbali na tiketi za kuingilia. Alianza kwa Kiingereza. Nikamwambia, "Ami, sisi ni Wakenya, tuzungumzie Kiswahili." Uso ukamkunjuka. "Haya basi, ndooni."

Ndooni, si njooni. Njia kwake ni ndia, macho ni mato. Lahaja ya Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, nimekuwa nikiwaandikia watoto ubaoni kwa ajili ya mtihani, na sasa naisikia ikinitahadharisha nisiteleze ngazini: "Tizama tini, mwanangu." Nilishikwa na kitu kooni, nasema kweli.

Ngome yenyewe Wareno walianza kuijenga 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene ajabu. Nenda chumba chenye michoro ya mabaharia wa Kireno, waliochora majahazi yao ukutani; pale usiharakishe. Lakini kilichonikaa zaidi ni mazingiwa, Waomani walipoizingira ngome, Machi 1696 hadi Desemba 1698. Miaka hiyo niliijua. Ami alitusimamisha juu ya ukuta unaotazama mlango wa bahari, akatuonyesha meli za msaada zilikoingilia, na upande ilikozama meli ya Kireno Santo Antonio de Tanna mwaka 1697. Akatueleza jinsi njaa na maradhi yalivyowamaliza waliokuwa ndani, Wareno na wenyeji waliokuwa nao, huku wakiyaona maji yale yale tuliyokuwa tukiyaona sisi. Miezi thelathini na zaidi! Baadaye Waingereza waliigeuza gereza, hadi 1958. Hilo alilipitia haraka, nami ningependa angekaa nalo kidogo.

Mitaani tulipita Msikiti wa Mandhry, tukapita milango ya nakshi na vibaraza ambako watu waliketi wakimsalimu kila hatua mbili. Kwenye kichochoro kimoja akasimama kivulini akaghani beti za Muyaka bin Haji, kwa kichwa, bila kusita. Muyaka ni mshairi wa Mvita hii hii, wa zama za Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa. Maneno ambayo mimi huyasoma kwa kutegemea tanbihi ya kitabu, kinywani mwake yalikuwa mazungumzo ya kawaida. Nilimwomba arudie mara mbili, akarudia. Hiyo pekee kwangu inazidi shilingi 2,000, na tulimwongeza.

Kasoro ipo. Alituingiza duka la vinyago na kutuacha humo robo saa nzima, ilhali tulikuwa tumemwambia hatununui. Semeni mapema kabisa kwamba dukani hamuingii. Na sisi wenyewe tulikosea saa: tulianza saa tano, jua la utosi, na juu ya ngome kivuli ni haba. Nendeni mapema asubuhi, mle kwanza mahamri na mbaazi wa nazi, mbebe maji. Leso za kupeleka nyumbani msinunue langoni. Biashara Street zipo tele na unachagua jina, ule msemo wa leso, ulipendalo.

Jioni tulirudi wenyewe, bila kiongozi, hadi kwa muuza kahawa ambaye Ami alituonyesha mchana. Dele la shaba juu ya makaa, kashata kwenye sinia, wazee kwenye benchi. Nikaagiza kahawa tungu. Muuzaji akanimiminia kikombe, akanisogezea kashata, wala hakuniuliza nimetoka wapi.