Damu ya wachangiaji au maziwa ya mbuzi?
Mfugaji wa Masasi akisikia mbuzi anakamuliwa dawa, atauliza: kwani dawa inayotokana na damu ya watu ina ubaya gani? Haina, ila ni kidogo. Antithrombini, protini inayozuia damu kuganda ovyo mishipani, huchujwa kutoka kwenye damu ya wachangiaji, na hapa Mtwara damu hiyo hiyo inasubiriwa na wajawazito na watoto wenye malaria. Mbuzi aliyepandikizwa jeni ya binadamu huitoa kwenye maziwa; anakamuliwa kama kawaida, kisha maabara huitenganisha. Ulaya waliiruhusu dawa hiyo 2006, Marekani 2009. Inakadiriwa mbuzi mmoja kwa mwaka hutoa antithrombini sawa na ya michango 90,000 ya damu. Mimi nachagua mbuzi, mradi afya yake ilindwe na maziwa hayo yasifike sokoni.