Kitalu cha maua hapa Tabora: kupanga wanajua, kwenye udongo wajipange

Jina la kitalu siweki maana sijaja kumharibia mtu biashara, na nikisema kipo chini ya mwembe sijasaidia kitu, Tabora hii kila kitu kipo chini ya mwembe.

Nilienda mwezi wa nane. Baraza langu lilikuwa sementi na ndala tu, nikataka vyungu vitatu vikubwa vya kukaa mlangoni. Kilichonifurahisha kwanza, yule kijana hakukimbilia kuniuzia. Kaniuliza, "Mama, baraza lako linatazama wapi, na jua linapiga asubuhi au jioni?" Nikamwambia magharibi, jua la saa nane mpaka linazama lote letu. Basi begonia niliyokuwa nimeshaishika akaichukua akairudisha, akasema hiyo kwako haimalizi wiki. Mshubiri nao nilitaka uingie humohumo na maua, akakataa katakata, eti huyu ukimpa maji kila siku anaoza, na mwenzake usipompa anakufa, sasa utamnywesha nani?

Kwenye kupanga nawapa maksi zote. Katikati kaweka krotoni ndefu ya majani ya njano na nyekundu, hiyo ndo inasimamisha chungu, ikazungukwa na vinka za pinki na nyeupe, halafu ukingoni yale majani ya zambarau yanayotambaa, yananing'inia nje mpaka ubaya wa chungu chenyewe unafichika. Na rangi zilezile kazirudia vyungu vyote vitatu, kabadilisha urefu tu, yani ukiangalia toka getini unaona kitu kimoja kimekaa, sio mtumba umemwagwa chini. Jirani akaniuliza fundi nimemtoa Dar.

Bei chungu kimoja kikiwa kimeshapandwa ni elfu 35, vitatu laki na elfu tano, nikabembeleza wakashuka mpaka 95,000, guta juu yangu.

Sasa njoo kwenye kilichoniudhi. Wiki ya pili vinka zikaanza kuwa njano, mi nikajua kiu tu, si mnaijua Septemba ya kwetu, nikaongeza maji, ndo zikazidi kulala. Nikachokonoa na kijiko ikatoka harufu ya tope la bwawani. Tukakilaza chungu mimi na baba watoto, hakina tundu! Viwili havijawahi kutobolewa tangu vizaliwe, cha tatu tundu lipo ila limezibwa na sementi. Na chini wamejaza kokoto, eti za kupitisha maji, jamani yapite yaende wapi? Yanajaa palepale, yanapanda mpaka kwenye mizizi, inaoza. Udongo wenyewe ule mweusi wa mbuga, ukilowa unanata ukikauka unapasuka, kwa mpunga sawa ila ndani ya chungu mizizi haipati hewa.

Nikarudi, nikamwamkia mzee mwenye kitalu nikamweleza taratibu. "Pole mwanangu, vijana hawa," akanipa miche sita ya vinka bure, hela hakugusia na mi sikugusia. Kutoboa nikamlipa fundi wa mtaani mwenye drili, matundu matatu kila chungu, tukaviinua juu ya vipande vya tofali ili maji yapate pa kutokea. Udongo nikachanganya mwenyewe, ndoo mbili za udongo mzuri wa juu, moja ya samadi iliyooza kabisa (mbichi inaunguza, msijaribu), moja mchanga wa mtoni, na pumba za mpunga zilizounguzwa kidogo, pumba mashineni nilipewa bure. Kokoto nikatupa zote. Siku hizi nikimwagilia nasubiri mpaka nione yanachuruzika chini ndo naacha, na nimepanga mawe juu ya udongo kwa sababu ya kuku wa jirani, hao ni balaa kuliko jua.

Krotoni zote tatu zimepona, zinatoa majani mapya, vinka za bure zimeshika.

Mtu akiniuliza bado namtuma palepale, kwa mpangilio sijaona wa kumshinda yule kijana. Ila ukifika kigeuze chungu uone kitako chake kabla hamjaongea bei, udongo waambie utaleta wako. Na nenda asubuhi kabla hawajamwagilia, hapo ndo utaona mche gani ulilala na kiu ukaamka mzima.