TAF yenyewe iko wapi? Maoni yangu kuhusu data za bure za aviationweather.gov

Natumia data za aviationweather.gov zaidi ya mwaka sasa, nimeona niandike maana vijana kadhaa wanaotengeneza programu za marubani wananiuliza wachukue wapi METAR (ripoti ya hali ya hewa ya kiwanja kwa sasa) na TAF (utabiri wa kiwanja). Mi ni dispacha, yaani mpangaji wa safari za ndege, niko Arusha, ndege zetu ni Caravan, tunaenda porini na Zanzibar, na jioni nikitoka kazini ndo nakaa na laptop.

Kwanza kilichonifikisha huku. Tulikuwa na aplikesheni moja ya kulipia kila mwezi, jina lake naliacha. Mwanzo ilikuwa inaleta METAR na TAF kama zilivyo, ile mistari ya herufi kubwa, af siku moja wakabadilisha kila kitu, mistari ikaondoka vikabaki vipicha, jua, wingu, mvua, basi. Asubuhi moja ya mwezi wa nne nikafungua Zanzibar nikaona jua na kawingu siku nzima, nikamwambia kapteni Zanzibar iko poa. Akaitazama ile skrini, akaniuliza, "Dogo, TAF yenyewe iko wapi?" Nikamwambia siku hizi hawaiweki. "Basi nenda kaitafute."

Nikaenda kwa watu wa hali ya hewa pale uwanjani, wakanipa, na ndani yake kulikuwa na hiki kipande: TEMPO 2009/2014 4000 TSRA FEW020CB. Yaani tarehe 20, kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na moja jioni kwa saa zetu, kuna vipindi vifupi (ndo TEMPO) vya radi na mvua, uoni unashuka mpaka mita 4000, na wingu la CB, lile la radi, lipo. Ndege yetu ilikuwa inafika saa nane mchana! Vile vipicha vilikuwa vimechukua hali ya mstari wa kwanza tu, TEMPO yote haikuonekana popote. Kapteni akaongeza mafuta ya kuzunguka angani na ya kukimbilia Dar kama ikibidi, ndo wakaondoka.

Toka siku ile mi nina sharti moja kwa huduma yoyote ya hali ya hewa, badilisheni fomati mnavyotaka lakini ule mstari wa asili niuone.

Na hapo ndo hawa Wamarekani wa NOAA, shirika lenye aviationweather.gov, wamenipata. Ni bure, hujisajili, huombi ufunguo. Tangu site yao mpya ya Oktoba 2023 unaandika tu msimbo wa kiwanja, mfano HTZA ya Zanzibar, unachagua fomati unayotaka, mstari wa asili, au zile za kusomwa na programu, JSON, GeoJSON, XML au IWXXM. Ukichukua JSON, METAR inakuja imeshakatwa vipande, upepo kivyake, joto kivyake, mawingu kivyake, ila humohumo kuna sehemu inaitwa rawOb yenye mstari mzima haujaguswa, na kwenye TAF iko rawTAF. Na kila kipindi cha TAF kimekaa peke yake na saa yake ya kuanza na ya kuisha, kimeandikwa kabisa kama ni TEMPO au BECMG (hali inabadilika moja kwa moja), kwa hiyo ukiipoteza TEMPO umeipoteza wewe kwenye programu yako.

Sasa kuna vitu lazima uvijue kabla hujampa mtu. Uoni kwenye JSON uko kwa maili, sio mita kama tulivyozoea huku, ile 4000 inakuja 2.49, na 9999, yaani kilomita 10 au zaidi, inakuja "6+", na hiyo alama ya kujumlisha inamaanisha ni maandishi sio namba, programu inayotegemea namba itakwama hapohapo. Upepo nao, badala ya nyuzi unaweza kukuta VRB, yaani mwelekeo unabadilikabadilika. Halafu presha, JSON inakupa 1012 ya hPa (hektopaskali), XML inakupa inchi za zebaki, 29.88, kwa hiyo ukihama fomati moja kwenda nyingine usidhani namba zinahama salama. Saa zote ni za UTC, masaa matatu nyuma ya zetu.

IWXXM ndo fomati ambayo ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, wameifanya ya lazima kwa nchi kubadilishana data tangu Novemba 2020, na watu wanailalamikia sana kwa sababu METAR ya mstari mmoja inageuka kurasa za XML. Mi nadhani wanaionea. Zile herufi za METAR zilipangwa enzi za teleksi, laini nyembamba, na kwenye AFTN, mtandao wa zamani wa ujumbe wa anga, ujumbe mmoja mwisho herufi 1800, ndo maana IWXXM haipiti huko, inataka AMHS, mtandao mpya zaidi, na inasafiri kama kiambatisho. Lakini ndani ya IWXXM kila namba imeandikwa na kipimo chake pembeni, hiyo vurugu ya inchi na hPa niliyoisema haipo kabisa. Kwa seva ya ofisini ni nzuri mno. Kwa simu iliyoko Serengeti yenye bando la kubahatisha, hapana, chukua mstari wa asili, hata mtandao ukisuasua unafika.

Wazee wa kazi wanakumbuka Novemba 2008 TAF ilipobadilishwa, saa zikaanza kuandikwa pamoja na tarehe, ile 0914 ikawa 2009/2014, na TAF ikaruhusiwa kufika masaa 30. Watu walilalamika wiki chache wakazoea, kwa sababu hakuna kilichofichwa, maelezo yaliongezeka.

Kasoro nyingine, viwanja vingi vya porini havina METAR kwa hiyo usitegemee kuviona humo. Na hii haichukui nafasi ya folda ya TMA, mamlaka ya hali ya hewa Tanzania, briefing rasmi inabaki kwao, na TAF za Tanzania unazoziona huko Marekani zimeandikwa na haohao TMA.

Nawapa nyota 4, ya tano imeondoka na zile maili. Kwenye skrini ya ofisini nimeweka rawTAF juu kabisa kwa herufi kubwa, vipande vya rangi viko chini yake, na TEMPO yoyote yenye TS (radi) inawaka nyekundu. Ukitaka kujaribu anza na HTDA ya Dar au HTZA, na linganisha na ya TMA asubuhi mbili tatu kabla hujampa rubani.