Lushoto na kiti mwendo: "usijali dada, tutambeba"

Jina la lodge naliweka kapuni sitaki kesi, ila kama una mtu wa kiti mwendo na unafikiria kumpeleka Lushoto kupunga upepo wa milimani, pitia hapa kwanza.

Nilipiga simu nikauliza mna chumba cha mtu mwenye ulemavu, jamaa akajibu kipo dada, cha chini kabisa, ngazi hakuna. Nikatuma advansi. Kutoka Mombo kupanda ni lami lakini zile kona kilomita 30 na kitu sio mchezo, mdogo wangu, ndo mwenye kiti mwendo, misuli ya tumbo haina nguvu ya kumzuia asiyumbe kwahiyo tulimfunga kitenge juu ya mkanda, Soni tukasimama ajiinue kidogo kwenye siti maana akikaa saa nyingi bila kujinyanyua vidonda ndo vinaanzia hapo.

Tumefika, kweli ngazi hakuna. Sasa mlango wa bafu! Kiti chake kina sentimita 64, nikatoa futi kamba (siku hizi inakaa kwenye pochi), mlango 58. Meneja anacheka, "usijali dada, tutambeba." Yani mwanaume wa miaka 31 abebwe na vijana wanne kila akibanwa na mkojo? Dogo hakusema kitu, ila siku zote tatu alikuwa anakunywa maji kwa kudonoa ili asisumbue watu, na hapo ndo roho iliniuma.

Usiku baridi la mwezi wa saba, mhudumu kwa nia njema kabisa akamwekea chupa ya maji ya moto miguuni. Jamani, mtu asiyehisi miguu anaungua huku anapiga stori! Niliitoa fasta.

Chakula sina neno, ule mchicha wa nazi nimeuota mpaka juzi. Dereva wa Noah ndo alituokoa, kule Irente, pale watu wanapoenda kuangalia bonde, alisogeza gari mpaka mwisho, pale penye mawe dogo mwenyewe ndo akaomba abebwe na akawa anatoa amri, shika fremu, usishike mikono ya kiti inachomoka! Akakaa saa nzima anaangalia mkonge wa Mazinde kule chini, hataki kuondoka.

Ukipiga simu usiulize kama "kipo", waambie wakurushie video mlango wa bafu umewekewa futi.

Nyota 2, moja ya mpishi moja ya dereva. Meneja nimemtumia vipimo WhatsApp, tiki za bluu naziona.